Maua Niliyodhani ni Yangu

Nilipostaafu udereva nilirudi nyumbani Makorora na maumivu ya mgongo na hamu ya kukaa. Sikutaka kwenda popote. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimewaendesha wataalamu wa misitu kwenda Amani, Lushoto, Magoroto, Handeni, hadi Kilindi, na kila shimo la barabara zile nililijua kwa pingili za mgongo wangu. Nilichokitaka sasa ni kiti cha plastiki barazani, na maua yangu mbele yangu.

Maua hayo niliyakusanya kazini. Wataalamu wakiingia msituni mimi nilibaki na gari, na mtu aliyeachwa na gari kutwa nzima hutafuta la kufanya. Mti ukianguka njiani, nilibandua okidi iliyoshika kwenye tawi. Kina mama wa Lushoto walinipa vipandikizi vya bigonia. Nilifunga kila kitu kwenye gazeti lililoloweshwa maji, nikakiweka chini ya kiti, nikakileta nyumbani. Uwanja ukajaa: makangaga ya kila namna, okidi kwenye vifuu vya nazi, bigonia kwenye ndoo za rangi, na yale maua madogo ya zambarau yenye majani laini kama mahameli, ambayo kwao ni miambani huko Usambara na joto letu la Tanga hayalipendi hata kidogo. Hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Wapita njia walisimama getini kuyatazama, na mke wangu alikuwa akiwaambia kwamba ni maua ya mzee. Nami niliitikia, kweli ni yangu.

Mke wangu alikuwa akishona sare za shule hapo hapo nyumbani. Katika maisha yake yote alikuwa ametoka kwao Muheza akaja kwangu, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dar es Salaam, kumpeleka mtoto hospitali. Hakuona kitu huko zaidi ya wodi.

Asubuhi moja, nilikuwa na miezi mitatu hivi tangu nistaafu, aliweka chini ndoo ya maji na kopo lake, akaja kukaa kwenye ngazi ya baraza. Aliniambia kwamba anataka kwenda Bukoba. Mdogo wake aliolewa huko na amekuwa akimwita tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Alitaka twende polepole, tulale Dodoma, tulale Mwanza, tuvuke ziwa, tuone nchi. Nilimsikiliza hadi akamaliza, kisha nikauliza maua atayamwagilia nani.

Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Ulipokuwa Handeni wiki mbili, nani aliyamwagilia?" aliniuliza. "Ulipokaa Amani mwezi mzima na wale wageni wako?"

"Wewe," nikasema.

"Basi, baba, mimi ndiye niliyechoka. Wewe ulikuwa unatembea."

Niliinuka nikasogeza kopo moja la maua ambalo halikuhitaji kusogezwa.

Tulijaribu kwanza njia ya katikati. Tulimwomba jirani yetu, mama anayepika vitumbua, atusaidie kumwagilia, nasi tukaenda Ushongo kwa jamaa zake mke wangu, tukikusudia kukaa siku nne. Siku ya kwanza nilimpigia jirani simu mara tatu. Siku ya pili jua lilikuwa kali, nikaanza kusema kwamba makangaga yatakuwa yameungua, nikasema mchana, nikasema jioni, na kesho yake asubuhi tukafunga mizigo. Njia nzima mke wangu hakunilaumu. Angenilaumu, ningepumzika. Tulipofika hata mtandio hakuvua. Aliichukua ndoo akaenda bombani. Nilimtazama akiinama kwenye kila kopo, mkono mmoja umeshika kiuno, akiinuka taratibu kama mtu anayebeba mzigo usioonekana. Nilikuwa nimezoea kusema nina mgongo mbovu. Wake sikuwahi kuuliza.

Kesho yake asubuhi nilimwambia tuyagawe. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia sina, lakini tuyagawe.

Nilidhani watu watayagombania. Walewale waliokuwa wakisimama getini sasa walikuja, wakazunguka, wakachagua yaliyokuwa yametoa maua siku hiyo, mengine wakayaacha. Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni alizitazama okidi zangu, ambazo hazikuwa zimechanua, akauliza kwa upole kwa nini nafuga magugu kwenye vifuu. Jirani wa vitumbua alichukua bigonia tisa, zote zilizokuwa kwenye ndoo za rangi. Nilifurahi kwamba yatakuwa karibu. Baada ya siku mbili nilipita kwake, nikazikuta ndoo zimesuguliwa, zimejazwa unga wa mchele, na bigonia zimelala nyuma ya choo mizizi juu. Aliniamkia shikamoo mzee, akanikaribisha kiti, akanishukuru sana kwa ndoo. Alikuwa ameelewa kwamba nagawa ndoo. Nilikaa, nikala kitumbua alichonipa, nikarudi nyumbani. Hasira inataka nguvu, na mimi nguvu hizo sikuwa nazo.

Kazi ile ya kugawa ilichukua wiki nyingi kuliko nilivyofikiri, na kila siku uwanja ulikuwa bado umejaa. Mwishowe mke wangu alimpata mwalimu mstaafu wa Kigombe, mjane, ambaye aliposikia habari alisema atachukua yote yaliyobaki. Alikuja na kirikuu cha kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, na mikeka ya kufunika. Alikuwa mdogo kwetu kidogo. Alituamkia, akavua viatu, akaanza kuzunguka uwanja bila haraka. Akasimama kwenye makangaga, akaniuliza yanataka maji mara ngapi.

Nilimwambia kila siku, asubuhi na jioni.

"Hapana," mke wangu alisema kutoka nyuma yangu. "Haya makubwa ndiyo kila siku. Haya membamba ukiyapa kila siku yanaoza shina. Unayasikiliza kwa kidole kwanza."

Mwalimu alitoa daftari kwenye mkoba. Kuanzia hapo hakuniuliza tena mimi. Walikwenda kopo kwa kopo, mke wangu akieleza na mwalimu akiandika: hii okidi inapenda upepo lakini si upepo wa chumvi, iwekwe upande wa nyuma wa nyumba, hii isiguswe wakati wa baridi, hii ni mvivu, isikatiwe tamaa. Mengine alikuwa ameyapa majina. Moja alikuwa akiliita Bibi Harusi, jingine Mgonjwa. Nilikuwa nimeishi na mimea ile miaka yote hiyo na sikujua kwamba ina majina. Nikawa mbebaji. Nilichukua makopo yaliyokwisha kuelezwa nikayapeleka kwenye gari, nikarudi kuchukua mengine.

Walipofika kwenye yale ya zambarau niliweka kopo chini, nikamwambia mwalimu kwamba hayo nilikuja nayo mwenyewe kutoka Amani, nikiwa bado kijana kazini. Nilitaka angalau hayo niyaeleze mimi.

Mke wangu alinitazama, kisha akatazama majani.

"Yale ya Amani yalikufa," alisema. "Yalikufa yote masika ile uliyokuwa Kilindi. Nilikwenda Muheza kwa masista nikaomba majani, nikayaotesha. Yakafa tena, nikaenda tena. Haya ni ya mara ya tatu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa ukirudi safari unayatazama hayo kwanza, kabla hujaniuliza nimeshindaje," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomweleza mwalimu habari za maji. "Nikaogopa siku utakayoyakosa."

Mwalimu aliinamia daftari lake kama aliyekuwa na mengi ya kuandika. Mimi nilibeba yale makopo ya zambarau moja moja, sikubeba mawili mawili, nikayapanga mbele karibu na dereva, pasipo na jua.

Kirikuu kilipoondoka, sakafu ya uwanja ilibaki na mabaka ya duara kila mahali. Mke wangu alifagia. Nilimwomba anipe ufagio, akanipa, akakaa kwenye kiti changu.

Bukoba tulikwenda. Mimi ni abiria mbaya. Njia nzima nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo, hadi mke wangu akaniwekea mkono gotini, akaniambia kwamba gari lina dereva. Yeye alikaa dirishani toka Tanga hadi Mwanza. Hakusinzia. Alinionyesha majabali ya Singida, ng'ombe, mashamba ya alizeti, nami nikasema ndiyo, nimeona, ingawa mara nyingine macho nilikuwa nimeyafumba. Tulipofika miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Mdogo wake alimkumbatia mlangoni kwa muda mrefu, na mimi nilisimama na mizigo nikisubiri mtu aseme tukae.

Kesho yake mke wangu alilala hadi jua likapanda. Sikumbuki kuliona hilo tangu tuoane. Mdogo wake alitaka kumwamsha kwa chai, nikamzuia. Nilikaa nje na mumewe kwenye benchi, akaniuliza siku hizi nashughulika na nini. Nilifikiri kidogo, nikamwambia namsindikiza mke wangu.

Sasa tumerudi. Mwalimu wa Kigombe hupiga simu, wanazungumza wao wawili kwa muda. Yapo yaliyokufa na yapo yaliyoshika, na mimi siulizi ni yapi. Mke wangu ameanza kutaja Mtwara. Nimemwambia sawa, nikamwomba tu tungoje mvua zipite, mgongo wangu upoe, akakubali. Asubuhi anaamka saa mbili, anakuta nimeshachemsha chai. Husema sukari haitoshi, kisha anakunywa.