Ngoja Kwanza, Mzee

Mwalimu Earline Guidry ameuliza swali, na sasa anangoja jibu. Anamtazama Kadie Broussard, msichana wa miaka kumi na tano, aliyeinamisha kichwa. Swali lenyewe jepesi: jana kwenu mlikula nini? Mchuzi wa gumbo, bila shaka. Kazi ni kulisema hilo kwa Kifaransa mbele ya watu.

Nyuma ya darasa ameketi Bwana Kessler, mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, saa mkononi. Kanuni yake ni sekunde tano. Mwanafunzi asipojibu, aulizwe mwingine. Mwalimu asipoifuata, ifikapo Agosti darasa lake litapewa kompyuta na hedifoni, na yeye atafute kazi nyingine.

Earline, aliyefundisha tangu ujana wake huku kusini mwa Louisiana, jimbo la Marekani ambako wazee wengi walikulia katika Kifaransa, akilisimulia hilo mishipa ya shingo inamsimama.

"Mama yangu alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi kwa kusema Kifaransa shuleni, Kiingereza tu ndicho kiliruhusiwa," anasema. "Kifaransa cha kwao. Leo wanataka wajukuu wa watu hao wakiseme mbiombio. Hawa watu hawana haya?"

Hawana. Walioadhibiwa waliona heri wazungumze na watoto wao kwa Kiingereza cha kuungaunga kuliko kuwarithisha fimbo. Sasa lugha ya nyumbani inafundishwa kama ya kigeni, na mtoto akisita anaitwa mzito. Unamfunga mtu mdomo, kisha unamlaumu kwa kukaa kimya.

Bwana Kessler alishamweleza Earline kwamba kompyuta haichoki.

"Haichoki kwa sababu haisikilizi," alimjibu.

Leo sekunde tano zimepita kitambo. Mkaguzi anakohoa, anamwambia mwalimu aendelee, watoto wanasinzia.

Kadie anainua kichwa. Hamtazami mwalimu. Anamgeukia mkaguzi, na kwa Kifaransa cha bibi yake, cha huko mashambani, anamwambia:

"Ngoja kwanza, mzee. Bado nafikiri."

Darasa zima linacheka. Bwana Kessler, asiyejua Kifaransa hata cha kuombea maji, anauliza msichana amesema nini. Hakuna anayemtafsiria.

Baada ya kengele Earline anafuta ubao kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Ana mpango: akifukuzwa, atafundishia jikoni kwake, na bibi za wanafunzi wataalikwa.

"Lakini waje wanitoe wenyewe," anasema. "Mimi kwa miguu yangu sitoki."