Shati la Cleophus Rudd

Chumba cha wageni cha Verlene Pettaway, pale Bessemer, Alabama, hakijalaza mgeni miaka mingi. Kitanda kimejaa magongo, glavu zilizokakamaa na picha za magazeti, vyote vya Cleophus Rudd, Mweusi wa kwanza kucheza besiboli kwenye ligi ya Wazungu kule kwao. Mdogo wake Verlene, Lemuel, haachi kumtania.

"Dada, ukifa tukuzike wapi? Hata jeneza utalijaza magongo."

"Kula pai yako, Lemuel."

Lemuel alikuwa bado tumboni mwa mama yao siku Verlene alipomwona Rudd akicheza, atajuaje? Baba yao alifanya kazi kwenye tanuri za chuma, mtu wa maneno machache na uso uliochoka. Jumamosi moja alimbeba Verlene mabegani hadi uwanjani, upande wa Weusi, nyuma ya wavu. Rudd akakimbia, akajitupa kwa tumbo, akateleza hadi kituo cha mwisho na kupata pointi, shati jekundu kwa udongo. Baba akapiga kelele hadi sauti ikamkauka, akalia mbele za watu bila kuona haya. Mwaka ule ule tanuri ilimuua. Verlene alimtamani baba yule wa uwanjani maisha yake yote, na alichokitaka kuliko vyote ni lile shati na udongo wake. Wakusanyaji wenzake wa vitu vya michezo wanajua: doa la mchezo halifuliwi, ndilo shahidi.

Juzi Bi Odessa, mjane wa Rudd, akampigia simu.

"Shati ninalo, mwanangu. Cleophus hakutaka lifuliwe, na udongo wake ungalipo. Mimi sina siku nyingi. Njoo ulichukue."

Leo asubuhi Verlene akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda.

Bi Odessa alimtolea shati kwenye hanga. Lilikuwa jeupe pe, limetiwa wanga, limepigwa pasi likanyooka.

Verlene akaligeuza huku na huku. "Bi Odessa… umelifua?"

"Jana. Kwa mikono yangu hii."

"Na udongo?"

"Umekwenda na maji."

Akalinusa. Sabuni tupu. Hasira ikampanda. Angekuwa mtu mwingine, angemtolea maneno.

"Miaka yote hiyo umeliacha, Bi Odessa. Kwa nini jana?"

Bi kizee akaketi taratibu, asimtazame.

"Kwa sababu ulisema unakuja leo. Tangu Cleophus afe, hilo shati nalala nalo. Namba yake chukua, jina lake chukua, waonyeshe watu. Lakini jasho lake? Nimpe mwanamke mwingine? Thubutu!"

Verlene akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akaketi kando yake, shati limelala mapajani mwao, wakalia pamoja, kila mmoja akimlilia wake.