Vasi za Kokwa, Maua ya Pamba

Miaka minne Keziah alifanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, na hakuna siku alipeleka ua hata moja nyumbani. Kwa geti walikuwa wanapekuliwa mpaka kwa soksi, ati usije ukatoka na waridi. Kazi yake ilikuwa kupanga. Shina refu huku, fupi kule, na lile kichwa chake kimefunguka sana linatupwa. Mkono wake ulijua urefu wa shina bila kupima. Shamba lilipopunguza watu, jina lake lilikuwa kwa ile karatasi, na wakala mmoja wa Nairobi akamwambia Saudia kuna kazi ya nyumba. Akaenda. Angefanya nini?

Mwaka wa kwanza ulikuwa Riyadh. Halafu bosi, yule wanamwita baba, akahamishwa na kazi, na yeye na madam, mkewe, na familia yote wakashuka Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba ya ghorofa tatu yenye ukuta mrefu. Ndani ya ukuta kulikuwa na mti mmoja wa miiba, majani madogo ya mviringo, kijani mwaka mzima hata jua liwake namna gani. Chumba cha Keziah kilikuwa juu ya paa, ubavuni mwa mashine ya kufua. Ijumaa watu wa nyumba wakitoka, mlango wa chini unafungwa kwa nje. Si ati walikuwa wanamchukia. Walikuwa wanafunga tu, vile mtu anafunga friji.

Sasa, kuna watu wakibanwa wanalia. Keziah akibanwa mikono inamwasha. Alianza na chupa za Vimto zilizobaki baada ya mwezi wa Ramadhani, maana Waarabu wanakunywa hiyo kitu kama maji. Akatoa karatasi, akaosha, akaizungushia moja kamba aliyofumua kwa gunia la mchele, akachomeka vitawi viwili. Akaiangalia. Ikamwangalia. Kesho yake akachukua mtungi wa tahini, ile rojo ya ufuta.

Zile kokwa za tende zilianzia kwa Jadda, mama yake madam. Jadda alikuwa mzee wa kiti cha magurudumu, chumba chake chini karibu na jikoni, na kazi yake kutwa ni kahawa na tende. Siku moja aliona Keziah anaokota kokwa kwa kisahani badala ya kuzitupa. Hakuuliza. Kuanzia hapo akawa anazilamba mpaka zinang'aa, anazifunga kwa leso, na Keziah akiingia na chai anamsukumia ile leso bila kumwangalia, kama mtu anapitisha magendo. Keziah anaziosha, anazianika juu ya paa, halafu anazibandika kwa chupa moja moja, safu juu ya safu, zikilaliana kama magamba ya samaki. Ukishika ile vasi unafikiri ni mbao iliyochongwa. Jadda alipelekewa ya kwanza. Akaipapasa huku na huku, akacheka na ufizi mtupu, akasema, "Meno yangu hayo."

Rania, dada mdogo wa madam, alikuja kutoka Riyadh siku za Idi ya kuchinja. Rania ana duka la mapambo ya sherehe karibu na soko la Al-Dirah, na nyuma ya duka kuna wasichana wanaofanya kazi, wana chumba chao na ufunguo wao. Aliona vasi dirishani kwa Jadda, akaigeuza juu chini kutafuta jina la kiwanda.

"Hii imetoka duka gani?"

"Si ya duka, madam. Ni mimi."

"Wewe?" Akamwangalia kuanzia ndala mpaka kitambaa cha kichwa. "Lujain ana milka mwezi ujao. Wewe utanifanyia meza zote, vasi na maua. Wageni wakinyamaza wakiziona, naongea na dada yangu, ikama yako inahamia kwangu. Huko Ijumaa tunafunga. Unatoka, unarudi, hakuna anayekuuliza."

Milka ni ile siku ya kuandikiana ndoa, ikama ni kibali cha kukaa na kufanya kazi kwa mtu, na Lujain ndiye binti ya madam. Keziah hakusikia vizuri maneno mengine. Alisikia Ijumaa. Kule Riyadh, mwaka wake wa kwanza, alikuwa amepitishwa Al-Dirah mara moja akibeba mifuko ya madam, akaona wasichana wawili weusi wamekaa kwa ngazi wanakula aiskrimu, hawana haraka, hawana mfuko wa mtu. Hiyo picha haikuwahi kumtoka. Kwa mwezi mzima alilala saa chache, vidole vikanata gundi mpaka ngozi ikatoka, na Jadda akala tende mpaka daktari akagomba. Meza kumi na mbili, vasi kumi na mbili.

Milka ikaangukia Ijumaa.

Mawaridi meupe yaliyoagizwa yalifika asubuhi kwa gari lisilo na ubaridi. Keziah akafungua boksi. Ubavuni limepigwa muhuri wa Kenya, na ndani vichwa vyote vimeinama. Alijua kabla ya kugusa. Alifanya kila kitu walichomfundisha: akakata mashina kwa mshazari ndani ya maji, akayafunga na gazeti, akayasimamisha kwa ndoo ya barafu. Saa mbili baadaye yalikuwa yameinama zaidi. Kule shambani msimamizi angesema tupa. Na maduka ya Ijumaa yamefungwa mpaka alasiri, Rania yuko kwa ndege, na madam yuko chumbani ameshikwa kichwa na msusi.

Ndipo akakumbuka sanduku la Jadda. Alikuwa analifuta vumbi kila wiki chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa, bunda kubwa la pamba safi, na kopo la vipande vya kafuri. Pamba ukiichambua na kuikunja vizuri, inakuwa waridi ambalo halinyauki. Na majani? Ule mti wa miiba pale ukutani haujui kiangazi. Halafu kulikuwa na shida ya sisimizi. Kokwa hata uzioshe vipi, sisimizi wa Jeddah ananusa sukari ya mwaka jana, na walishaanza kupanda. Kafuri inawafukuza, hiyo aliijua toka kwao.

Jadda alikuwa amelala. Keziah akapanda kwa madam.

"Madam, kwa sanduku ya Jadda kuna pamba. Nichukue ya maua?"

"Chukua."

"Na ile kafuri, madam?"

"Keziah, chukua, chukua, yalla. Usiniulize kila kitu."

Aliuliza mara mbili. Hilo wekeni akilini, kwa sababu baadaye hakuna mtu mwingine aliyeliweka.

Alifanya kazi kama mtu amepagawa. Kufikia alasiri kila meza ilikuwa na vasi ya kokwa, na juu yake waridi la pamba jeupe pe, limezungukwa na majani ya kijani, na chini vumbi la kafuri linameta kama umande. Lujain alishuka kuangalia, simu mkononi, akapiga picha. "Hilwa," akasema. Nzuri. Keziah akaenda kuoga akiwa na Ijumaa yake mfukoni.

Mtu ambaye angemwokoa alikuja amechelewa. Bi Mwanakhamis alikuwa mama wa makamo wa mtaa wa Al-Nuzha, wazee wake walitoka Unguja zamani wakati wa mapinduzi, na kwenye sherehe za wanawake yeye ndiye huitwa kumimina kahawa. Siku hiyo gari lake lilikwama njiani. Angefika saa tisa, angepita pale ukumbini, angeona. Lakini alifika wageni wameshaanza kuingia, akapita mlango wa nyuma moja kwa moja jikoni kwenye dele lake, lile birika la kahawa.

Keziah alikuwa amesimama kwa mlango wa ukumbi. Rania ameshafika, anazunguka kati ya meza, akamtupia jicho na kuitikia kidogo kwa kichwa. Wanawake kweli walianza kunyamaza. Meza ya kwanza, ya pili. Keziah akafikiri ndiyo hiyo, wamenyamaza.

Halafu Jadda akasukumwa ndani na kiti chake. Akawekwa meza ya mbele. Akavuta pumzi kwa pua. Akanyoosha mkono, akachuma jani moja, akalisugua kwa vidole, akanusa. Akagusa pamba. Akaangalia meza zote kumi na mbili, taratibu, moja baada ya nyingine. Akasema maneno machache, si kwa sauti, na mwanamke aliyekaa karibu naye akafunika mdomo na shela.

Rania aligeuka ghafla. "Toeni. Toeni zote. Sasa hivi."

Jikoni, Bi Mwanakhamis aliangalia sinia ya kwanza ya vasi ikirudishwa, akaweka dele chini.

"Njoo hapa, mwanangu. Majani haya umeyatoa wapi?"

"Kwa mti wa hapo nje, Bi."

"Mkunazi. Na pamba?"

"Kwa sanduku ya Jadda."

"Kafuri nayo?"

"Humo humo."

"Basi hujabakisha kitu ila sanda."

Keziah akakumbuka kile kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Kwao, kwetu, kwa Waislamu wote," Bi Mwanakhamis akasema polepole, "maiti huoshwa kwa maji ya mkunazi. Ya mwisho hutiwa kafuri. Kisha pamba. Bibi yule vitu vyake kavichukua Makka mwaka aliohiji, kaviweka mwenyewe ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Weye umevitoa, umemtandikia mezani, siku ya ndoa ya mjukuu wake."

"Amesema nini pale?"

Wabeba sinia walikuwa wameshamnong'oneza Bi Mwanakhamis, lakini hakutaka kulisema. Keziah akamshika mkono wa kanzu.

"Kasema, hata hamkungoja."

Keziah alikaa kwa gunia la mchele na kuanza kufumua yale maua, ati arudishe pamba iwe bunda tena. Gundi ilikuwa imeshika. Ilikuwa inatoka vipande vipande, michafu, na yeye anaendelea tu.

"Wacha, mwanangu," Bi Mwanakhamis akasema. "Pamba hairudi."

"Mimi niliuliza. Nilimwuliza madam mara mbili."

"Najua. Na leo atakuwa kasahau."

Alikuwa amesahau. Wageni walipoondoka Keziah alimwambia, na madam akamwangalia kwa macho ya kuchoka yenye wanja uliochuruzika. "Mimi? Niseme uchukue vitu vya mama yangu vya kaburi? Halas, Keziah. Nenda ulale." Uongo wa mchana kweupe, na huyo mama hata hakujua anadanganya. Hiyo ndiyo ilimchoma Keziah mpaka mfupa. Angejua, ingekuwa nafuu.

Kitu kimoja tu kilimpa moyo. Asubuhi yake alimwona Rania jikoni anaosha vasi moja ya kokwa, anaikausha, anaifunga na taulo, anaisukuma ndani ya begi. Keziah akajiambia, basi, hasira zitapoa, ataniita.

Jadda hakugomba hata siku moja. Aliagiza Makka pamba mpya na kafuri mpya, akafunga sanduku, na ufunguo akauvaa shingoni. Ile vasi ya dirishani ikarudishwa jikoni. Keziah akiingia na chai anainamisha kichwa, anasema samahani kwa Kiarabu chake cha jikoni, na mzee anaangalia ukuta. Tende alikuwa bado anakula. Kokwa anazitemea kwa tishu, anazikunja, anazitupa mwenyewe kwa pipa. Siku moja alisahau mbili kwa kisahani. Keziah akanyoosha mkono, na Jadda akaweka kiganja chake juu ya kisahani. Hakukibonyeza. Alikiweka tu pale, chenye mishipa, mpaka Keziah akatoka.

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu ile milka madam alipomwita sebuleni, ana furaha, akamwonyesha simu.

"Angalia. Duka la Rania."

Zilikuwa vasi. Za chupa, zimebandikwa kokwa safu juu ya safu kama magamba, ndani yake yasmini mbichi. Chini kuna maandishi. Keziah hakuweza kuyasoma, lakini jina la duka alilijua kwa umbo lake, na aliona hakuna jina jingine hapo.

"Watu wa Riyadh wamezipenda sana. Wasichana wake wamejaribu, hawawezi, za kwao zinabanduka. Anataka uendelee. Dereva atakuwa anapeleka maboksi."

"Na mimi, madam?"

"Wewe nini?"

"Ikama. Alisema nahamia kwake."

Madam alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Rania anasema mkono wako ni mzuri, lakini huwezi kukaa mahali wateja wanakuona. Ile habari ilifika mpaka huko. Na hapa unafanya vizuri, mafi mushkila, hakuna shida. Utafanya Ijumaa, sisi tukitoka."

Kwa hivyo kazi aliipata. Kutoka ndiko hakutoka.

Ijumaa wanaenda baharini, gari mbili, na mlango unafungwa kwa nje. Keziah anapanda juu ya paa na chupa zake, gundi, na katoni ya tende rahisi ambayo madam amemnunulia, kwa sababu kokwa za Jadda hazipatikani tena. Anazila mwenyewe. Ya kwanza tamu, ya kumi tamu, ikifika jioni ulimi umekufa, lakini bila kula hakuna kokwa. Chini kabisa, karibu na ukuta, mkunazi umesimama kijani vile vile. Anatema kokwa, anaifuta kwa dera, anaipaka gundi, anaihesabia pumzi mpaka ishike. Halafu anachukua tende nyingine.