Injini Ambayo Hatukuifungua

Kaka yangu, niliyemwita yaya kama wadogo wote wa kwetu, alinunua kwadi kwa mtu wa mradi fulani aliyekuwa anaondoka Butembo kwa haraka, na mtaa mzima ulimcheka. Pikipiki ya magurudumu manne, walisema. Gari lisilo na paa, pikipiki isiyoweza kupita pale pikipiki zinapopita. Injini yake ni ya zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, zenye sauti nyembamba na moshi wa buluu. Yaya aliifungia kigari nyuma, akaanza kuteremsha viazi kutoka Kipese na maharage kutoka Vuhovi, kwenye njia ambazo malori yalikuwa yanangoja jua likaushe matope. Haukupita muda, wale waliocheka wakaanza kumsimamisha barabarani: kesho ukipanda, unipitie.

Nilikuwa naenda naye kununua mazao. Alinifundisha kuiendesha kwa sababu alichoka kunisikia nikimkosoa kila kwenye kona. Nilimwambia kwamba mwanamke hawezi kuendesha vibaya kuliko yeye, akanipa ufunguo, na kwa kweli sikuendesha vibaya kuliko yeye.

Injini ya namna hii hujila yenyewe. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na pete nyembamba za chuma zinazoizunguka, ambazo tunaziita segma, huisha polepole kama kisigino cha kiatu. Kuzibadilisha si kazi. Kazi ni kujua lini. Ukibadilisha mapema umetupa kitu kizima, na Butembo kutupa kitu kizima ni jirani wa dhambi. Ukichelewa, silinda nayo inalika. Ukichelewa zaidi, pistoni inavunjika, vipande vinaanguka chini kwenye mashine, na hapo unaweza kuuza magurudumu. Yaya aliisikiliza kila asubuhi ikiwa baridi. Ikigonga halafu ikanyamaza ikipata joto, alisema inazeeka tu, kama sisi. Ikigonga hata ikiwa ya moto, alisema inaita. Machini haisemi uongo, alipenda kusema, ila hukawia kusema ukweli.

Ilianza kuita wakati wa mavuno ya kakao. Yaya alishuka mjini akanunua pistoni mpya na segma zake, akaziweka mezani katika boksi lake. Lakini mjomba wetu, ndugu wa mama, alikuwa na shamba la kakao upande wa Mangina, na alikuwa ametuma watu kuomba mikono ya kumsaidia. Yaya akasema kwadi ingoje. Mama alikuwa kwenye kizingiti, anachagua mawe ndani ya maharage, na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake. Yaya alisema hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu baadaye tulilirudia kama Baba Yetu:

"Hapana mutu afungue hii moteur. Itavumilia mpaka mavuno iishe, kupita pale haitavumilia. Nikirudia, nitaifungua mie mwenyewe."

Mama akamwambia aende na Mungu, arudi naye, akaendelea na maharage yake. Yaya akapanda pikipiki ya abiria hadi Beni, na kutoka Beni akaendelea.

Watu wenye silaha waliingia katika mashamba ya upande ule asubuhi, watu wakiwa wanapasua kakao. Mjomba alijilaza kwenye mfereji, akapona. Waliouawa walipatikana, wakazikwa huko huko kwa haraka, na yaya hakuwa kati yao. Mjomba aliona wakimpeleka na wengine, amebebeshwa gunia. Baada ya miezi, wachache walitoroka msituni wakafika Beni, wamekonda, macho yamewatoka. Mama alienda huko akamuuliza kila mmoja. Wengi walisema hawakumuona. Mmoja alisema labda alimuona, ng'ambo ya mto, akiwa hai. Tuliishi kwa hilo "labda" zaidi kuliko tulivyoishi kwa chakula.

Mjomba alitaka tuweke kilio. Alisema roho ya mtu haiwezi kuachwa nje kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, tusali, tulie, tunyamaze. Nadhani alitaka pia kulia kwa niaba yake mwenyewe, maana ni yeye aliyemwita. Mama alimuuliza atamlilia nani, amuonyeshe.

Na injini ikawa jibu la mama kwa kila mtu. Alichukua lile boksi la pistoni akaliweka katika sanduku lake, pamoja na vitenge vya Jumapili. Mimi nilikuwa nimebaki na kwadi na njia ya Vuhovi, kwa sababu lazima mtu alishe nyumba. Nilipomwambia kwamba inagonga, kwamba lazima ifunguliwe, hakuinua hata kichwa.

"Alisema hapana mutu afungue. Na weye ni mutu."

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, na hasira yangu siku zile ilikuwa inatafuta tu mlango wa kutokea. Nilimwambia mashine haijui kungoja. Akanijibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikasema mbivu ikingojwa sana huoza, na hapo akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nitoke nje. Niliosha ile kwadi, ambayo haikuwa na uchafu, hadi maji yakaisha ndooni.

Fundi wetu naye alijaribu. Ni mtu mwenye maneno mengi kuliko injini alizotengeneza, na shati lake huwa safi kuliko inavyofaa kwa kazi yake, lakini mkono wake ni mzuri. Alifungua buji, ile plagi ya cheche, akaweka kidole gumba kwenye tundu lake, akaniambia nipige kiki. Upepo uliomsukuma kidole ulikuwa dhaifu, alisema, kama wa mzee anayepuliza uji. Akaenda kwa mama, akamwambia kwa heshima zote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama alimkaribisha chai.

"Ukuta atajenga mwenye nyumba," akamwambia, "akirudia."

Basi nikaiendesha hivyo hivyo. Nilipunguza mizigo nusu. Penye mlima nilishuka nikatembea kando yake, nimeshika usukani, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa zahanati. Nilizidisha oili kwenye petroli, ikatoa moshi hadi watoto wa njiani wakaanza kuniita jiko. Mwaka ukapita, na mwingine. Asubuhi niliiwasha nikiwa nimekaza meno, na kila ilipowaka nilishukuru, halafu nikaona aibu kwa sababu ya kushukuru. Maana kweli ni hii: kuna siku nilitamani ife kabisa, ili kitu fulani katika nyumba yetu kiishe. Na kuna siku niliomba isife, kwa sababu na mimi nilikuwa nangoja. Nilikuwa nabishana na mama mchana, na nikisikia mtu anabisha mlango, ni mimi niliyefika wa kwanza.

Siku ilipofika, mama alikuwa nami. Tulikuwa tunatoka Vuhovi na maharage ya shamba lake, yeye amekaa kwenye kigari juu ya magunia. Katikati ya mlima injini ilipoteza nguvu, ikalia kama bati linalokwaruzwa, ikashika: pistoni imenasa ndani ya silinda. Magurudumu ya nyuma yakakwama palepale. Nilishuka, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukangoja ipoe. Mama alishuka kwenye kigari. Alifunga gunia dogo kwa kamba, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba, akaanza kupanda kwa miguu. Baadaye injini ilikubali kuwaka. Niliipandisha tupu, polepole, ikigonga hivi kwamba watu walitoka mashambani kutazama. Mama alikuwa amesimama juu, anaisikiliza inavyokuja. Sura yake ilikuwa ya mtu anayetafuta sauti anayoijua ndani ya kelele na haipati.

"Akirudia akute tumeiua, atatuuliza," akasema. "Ita fundi."

Sikubishana. Nilifikiri nimeshinda, na sikufurahi.

Fundi alikuja na shati lake safi, akatandika gunia uani. Aliondoa kichwa cha injini, halafu silinda, na pistoni ya zamani ikabaki wazi, upande mmoja mweusi wenye mikwaruzo mirefu. Chini, kwenye ukingo wake, kulikuwa na ufa. Safari moja zaidi, alisema, labda mbili. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akaingia ndani, akarudi na lile boksi, akampa fundi kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa mtoto abatizwe.

Fundi aliipokea vizuri. Kabla ya kufunga chochote, alichukua segma moja mpya, akaiingiza peke yake ndani ya silinda. Segma, pete iliyokatwa mahali pamoja, inatakiwa ikae humo ncha zake mbili zikikaribia kugusana. Zile ncha zilibaki zimeachana. Aliisogeza chini kidogo, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akaingiza pistoni, akaitikisa kwa vidole viwili, nayo ikacheza humo ndani. Mama aliuliza kama mtoto wake alinunua mbaya.

"Hapana, mama. Alinunua muzuri sana. Ni silinda njo imepanuka. Hii ilikuwa ya siku ile."

Akamweleza taratibu kwamba silinda itapelekwa kuchongwa upya, na itatafutwa pistoni kubwa zaidi, na kwadi itatembea tena bila shida. Mama hakusikia hayo ya mwisho. Aliomba ile silinda. Akaiweka mapajani, juu ya kitenge, akapitisha kucha ya kidole kwenye ile nafasi kati ya ncha mbili za segma. Kucha ilipita. Akaipitisha tena.

"Na kama angerudia leo?"

Fundi, mtu wa maneno yote yale, alinitazama mimi.

"Hii pistoni haingemusaidia tena, mama," nikasema.

Mama alizidi kuishika silinda, oili ikiingia kwenye kitenge. Aliposema, hakuwa anasema na sisi.

"Ule mutoto alijua. Alisema itavumilia mpaka mavuno iishe. Kama angeweza kurudia, angerudia wakati hii ilikuwa ingali inafaa."

Halafu akalia. Sikuwahi kumsikia mama akilia hivyo, hata baba alipokufa. Ilitoka chini kabisa, bila maneno, akiwa amekumbatia kile chuma, na fundi akavua kofia yake akasimama nayo mikononi. Mimi nilipiga magoti kwenye gunia kati ya spana na boliti. Nilitaka kumshika na sikujua nimshike wapi.

Kwetu mwanamke akilia hivyo, watu hawangoji kuitwa. Jirani yetu alivuka ua na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Huyu mama alijua habari yetu yote tangu siku ya kwanza. Alikuwa nasi redio ilipotangaza shambulio lile, na mara nyingi alikuwa amemsindikiza mama kanisani kumwombea yaya arudi. Aliangalia injini iliyofunguliwa, akamwangalia mama, akaniuliza kama inavyoulizwa penye kilio chochote: nani amekufa?

Nikafuta oili mikononi, nikasimama.

"Yaya yangu," nikamwambia. "Ni yaya yangu amekufa."