Sala Isiyofungwa kwa Wimbo

Saa mbili na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza katika studio ya Nyakato, Fundi Mkuu alinivisha hedifoni na kunifundisha kazi kwa sentensi moja: "Pumzi, kikohozi, kwikwi, vyote takataka, ondoa." Ufundi nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu, basi nikatii. Nilisafisha sauti Nyakato, kisha Buswelu, chini ya Wakurugenzi watatu.

Wa mwisho alituagiza turekodi sala za kale za Waebrania kwa ajili ya wasioona. Nilizisoma kwanza, nikashangaa. Mshairi husema jambo mara mbili, na mara ya pili huzama zaidi. Hulia kwamba mafuriko yamempita kichwa. Humwuliza Mungu mbona amejificha. Sala mojawapo inaishia gizani, bila shukrani yoyote.

Hiyo alipewa Mama Sabina, mwalimu mstaafu wa Busisi, ambaye mwanawe alizama ziwani. Alipofika kwenye mafuriko, akanyamaza. Kipimo cha sauti kilishuka hadi sifuri.

"Samahani mama," Mkurugenzi akasema, "tuanze tena?"

"Naongea na Mungu, mwanangu. Subiri zamu yako."

Akamaliza kwa kwikwi na sauti iliyopasuka. Nilisisimka mwili mzima! Kila kimya kilikaa mahali pake hasa, kati ya kilio cha kwanza na kile kilichozama zaidi.

"Kata hizo kwikwi," Mkurugenzi akaniambia. "Mwishoni tutaweka kwaya, wimbo wa matumaini. Msikilizaji akiachwa hivi, atalala?"

"Mimi nimelala lini?" Mama akauliza. "Tangu msiba sijapata neno la kumwambia Mungu. Leo nimelipata. Mkilitia sukari, siyo langu tena."

Nikamwomba Mkurugenzi avae hedifoni, nikamsikilizisha sala yote bila kukata kitu. Alisikiliza hadi mwisho, macho chini.

"Nisamehe, mama. Itakwenda hivi hivi."

Nusura niruke kutoka kitini. Mama yeye alikuwa ameshafunua ukurasa mwingine. "Haya, inayofuata ipi?"

Sasa nimestaafu, na sala zile bado nazisoma kila asubuhi kwa hamu ileile. Vijana wa studio wakiniuliza, nawaambia: aliyezitunga hakuogopa kumwachia Mungu swali lisilo na jibu, nanyi msimjibie Mungu.

Kwaya tuliipigia simu siku ileile isije. Studio ikaokoa shilingi laki moja na themanini elfu.