Pedali za Beatha

Mjukuu wangu, umeniletea simu yako unionyeshe pedali zinazong'ang'ania kiatu, unaniuliza kama zinafaa kwa baiskeli yako ya milimani. Kabla sijakujibu nikuhadithie siku moja ambayo haijanitoka kichwani, siku ya mvua kubwa, mwaka wa tisini na moja, wakati huo mimi msichana wa mtaa wa Gikondo mwenye mikono ya grisi na roho iliyojaa wivu. Kaa vizuri. Chai ipo jikoni, na babu yako hapo nje anajifanya anasikiliza redio, kumbe anatusikiliza sisi.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Karakana yake ilikuwa nyuma ya magereji, na kwa kuwa kaka zangu waliichukia grisi, mimi ndiye niliyebadilisha golori na kunyoosha spoku. Watu walicheka mwanzoni, halafu wakazoea. Babu yako Yusufu alikuwa mteja wetu. Alichukua mikate Gikondo na kuipeleka kwenye majumba ya Kimihurura, juu kilimani, kwa wakubwa na kwa wazungu. Kupanda aliisukuma baiskeli, kushuka ikambeba yeye. Posa yake ilikuwa imeshakubaliwa, tunasubiri tu Idi ipite tufunge ndoa.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu vijana wa leo hamlijui. Kwenye vilima vyetu mipira ya breki ilikuwa inaisha upesi, na ikilowa haishiki kitu. Kwa hiyo wabeba mizigo walisimamisha baiskeli kwa mguu. Walivaa viatu vya tairi, na mteremko ukizidi mtu anautoa mguu kwenye pedali, anaikandamiza soli kwenye gurudumu la nyuma. Utaona moshi kidogo, utasikia harufu ya mpira, na baiskeli inatulia. Ndiyo maana pedali zao zote zilikuwa bapa na wazi, mguu unaingia na kutoka bila kuomba ruhusa.

Basi jioni moja Yusufu akaja na pedali mpya. Zilikuwa za chuma kinachong'aa, kwa mbele zina kikapu cha kuchomeka ncha ya kiatu, na juu yake mkanda wa ngozi wa kuufunga mguu usitoke.

"Nani kakupa?" nikamuuliza.

"Beatha."

"Beatha yupi?"

"Yule anayefanya kazi kwa mzungu, pale kwa geti ya kijani. Patron wake, huyo mzungu, ana vélo ya matairi manene, ya kupanda milima. Amenunua pedali zingine, hizi akampa Beatha, na Beatha akanipa mimi."

Alisema hivyo huku anatabasamu, mwanangu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

Toka siku ile nikaanza kumchunguza. Kitambaa alichofunikia mikate nilikinusa, nikitafuta sabuni ya mwanamke mwingine. Kilinuka mkate. Nikajitafutia sababu ya kwenda Kimihurura, eti nampelekea mteja pampu yake, nikasimama karibu na lile geti la kijani mpaka akatoka. Kumbe mzuri! Mweupe wa meno, ana mwanya, anacheka na mlinzi kama mtu asiyedaiwa na dunia. Nilirudi nyumbani nikimchukia kwa ule mwanya tu. Mimi mwenyewe sina mwanya, na babu yako alikuwa amewahi kusema anapenda mwanya.

Kesho yake Yusufu akaleta baiskeli nimkazie mnyororo. Baba alikuwa Butare kwenye msiba, nipo peke yangu karakanani. Nikainama, nikaiona ile mipira ya breki. Ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki kama ganda la kitunguu. Palepale nikajua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba mguu uliofungwa mkanda hauwezi kusimamisha baiskeli ile siku ya mvua. Lakini unajua nilimwambia nini?

"Toa vitu vya yule mwanamke kwenye baiskeli yako."

"Zaina, hii iko pedali tu."

"Pedali tu, mbona ukizitaja unacheka?"

"Nacheka sababu wewe unachekesha."

"Basi nikiziona tena hapa, usije kwetu. Nenda kaoe huko kwa geti ya kijani."

Na yeye akapandisha sauti. "Sizitoi. Leo pedali, kesho utasema nitoe shati sababu mtu mwingine ameisifu." Akaichukua baiskeli, mnyororo haujakazwa vizuri, akaondoka. Na mimi nikamwacha aende, nimenuna, najiona nimeshinda.

Mvua ikaja asubuhi iliyofuata, ile inayogeuza barabara kuwa mto wa udongo mwekundu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimsubiri aje kuomba msamaha. Aliyekuja ni Beatha. Amelowa chapachapa, hana viatu, aproni yake ina damu.

"Wewe ndiye Zaina? Yusufu iko kwa hospitali. Amegonga ukuta pale kwa kona. Mguu yake ilikataa kutoka."

Mwanangu, nitakuambia kitu ambacho hata mama yako sijamwambia. Mtu ninayempenda kavunjika, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili: "Na wewe ulikuwa wapi naye?"

Beatha akanitazama. Angeweza kunizaba kofi na ningekuwa nimestahili. Akasema, "Nilikuwa jikoni. Nikasikia kelele, nikakimbia, nikakata ule mkanda na kisu ya nyama. Njia yote alikuwa anaita wewe. Twende, sha. Utanigombeza kwa taxi."

Nikaenda naye. Sikumgombeza.

Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, na daktari hakutuficha kwamba huenda mguu ukakatwa. Tulikaa kwenye benchi, mimi na yeye, hatuna pa kuangalia. Ndipo akaniambia kwa sauti ndogo, "Alikuwa anasema kila siku anachelewa kufika kwako. Nikafikiri hizi pedali zitamsaidia kupanda haraka, amalize, ashuke. Pole, Zaina." Nilitamani sakafu inimeze. Na bado, mwanangu, nilipomwona amemshika Yusufu mkono wakati wa kumuaga, roho iliniuma. Wivu hauna adabu, hata hospitalini unaingia.

Baba aliporudi kutoka Butare nilimweleza kila kitu. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Aliendelea kuifungua baiskeli iliyopondeka, halafu akauliza:

"Breki uliziona?"

"Niliziona, Baba."

"Na kwamba anasimama kwa mguu, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atoe vitu vya yule mwanamke."

Akaweka spana chini. "Basi ulimwambia habari za mwanamke. Habari za pedali hukumwambia. Ungemwambia, Yusufu si mjinga, angezitoa mwenyewe. Wewe ulikuwa na ukweli mkononi, ukaufunga kwenye wivu wako, na yeye akavitupa vyote pamoja." Akachukua pedali bapa za zamani, pana, zenye meno ya kushika soli, akanipa. "Zifunge wewe. Akitoka huko, akute umezifunga wewe."

Mguu haukukatwa, Mungu alituhurumia. Ulipona ukapinda, ndiko kule kuchechemea unakokuona. Tulioana baada ya miezi mingi, na Beatha alikuja harusini. Mimi ndiye niliyempakulia pilau. Nilimtafutia mifupa, mwanangu, nyama nikawapa wengine. Akala, akasifu mpishi, akacheka na mwanya wake.

Halafu ukaja ule mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji, tukakimbia. Tuliporudi Gikondo, tulio hai, nilipanda Kimihurura kumtafuta. Geti la kijani lilikuwepo. Beatha hakuwepo, na hakuna aliyeweza kuniambia alipolala. Nilirudi nikapika, nikakaa mbele ya sahani nikikumbuka ile mifupa. Kama angekuwa hai leo, bibi kizee kama mimi, angeingia hapa, babu yako angetabasamu, mimi ningekasirika, na ningempa nyama yote ya sufuria. Natamani sana kumwonea wivu tena.

Sasa nikujibu swali lako. Mlimani chukua pedali bapa. Iwe pana kama kiatu chako, iwe na meno yanayoshika soli, izungushe kwa kidole uone kama golori zinateleza vizuri. Vaa kiatu chenye soli ngumu kidogo, na ukiteremka shusha kisigino. Siku baiskeli itakapokugeuka kwenye kona, uwe na mguu wako mwenyewe wa kuweka chini. Hizo za kung'ang'ania kiatu wana kazi nazo wanaoshindana na waliozizoea, siwadharau. Lakini wewe umeniambia unazitaka kwa sababu Diane, mwenzako wa kuendesha, anazo, na ulipolitaja jina la Diane mdomo wako ulijikunja. Huo mkunjo naujua, nilikuwa nao mimi. Chagua kwa mguu wako na kwa njia unayopita, Diane mwache na pedali zake.

Na siku utakapoona hatari kwenye baiskeli ya mwenzako, iwe ya mpenzi wako, iwe ya Diane mwenyewe, taja hatari kwanza. Sema breki, sema mkanda, sema mvua. Wivu wako utasubiri, haufi njaa. Wangu umeishi na mimi miaka hii yote na bado una afya.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akupe kona zenye nafasi na watu wa kukimbia kukuokoa ukianguka, na akujalie uwashukuru wangali hai. Amina. Haya, mpelekee babu yako chai. Na usimwambie kwamba nimemtaja Beatha, maana atatabasamu.