Brigedia Asiye na Tepe

Mama yangu alilia siku nilipofanywa afisa. Kabla ya hapo nilikuwa sajini, mwenye tepe tatu mkononi, na tepe hizo alizipenda kuliko nilivyozipenda mimi. Kila nilipokuja likizo nyumbani Werugha alizipiga pasi mwenyewe kwa pasi ya makaa. Kisha nikapelekwa kozi, nikarudi luteni, mkono mtupu, na kitu kidogo tu kinachong'aa begani.

"Wamekunyang'anya," alisema. "Ulifanya nini?"

Nilieleza mpaka nikachoka. Alitikisa kichwa, akanikataza kuwaambia majirani. Nikawa kapteni, meja, kanali. Kila cheo nilimwandikia barua, naye kila mara alijibu kwamba ananiombea kanisani nirudishiwe tepe zangu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikawa brigedia. Nilipanda milima yetu kwa Landrova ya jeshi, sare kamili, nikiimba njia nzima. Dereva wangu alikuwa koplo mnene mwenye haya, na mkononi alikuwa na tepe mbili.

Mama alitoka jikoni, akatukagua mikono.

"Karibu, bwana mkubwa," akamwambia koplo, akampa kiti cha marehemu baba. Mimi nilionyeshwa kigoda karibu na mlango.

Kuku alipoiva, firigisi ilikwenda kwenye sahani ya koplo. Jasho lilimtoka ingawa ukungu ulikuwa umeingia hadi sebuleni.

"Mama, huyu ndiye mkubwa wangu," alinong'ona.

"Una moyo mzuri, lakini usimtetee. Kula."

Koplo akanitazama kwa macho ya kuomba msaada.

"Kula," nikasema. "Hiyo ni amri."

Akala, mgongo wima kama yuko gwarideni.

Ndipo akaingia mjomba, kaka yake mama, sajini mstaafu wa enzi za mkoloni. Mambo yote ya jeshi Mama aliyajua kutoka kwake, ila aibu ya tepe zangu alikuwa amemficha. Macho ya mjomba yakatua mabegani mwangu. Fimbo ikaanguka, visigino vikagongana, akapiga saluti.

"Afande!"

"Unamsalimia nani?" Mama akauliza.

"Nyamaza, dada. Masajini wote wa kambi wanamwogopa huyu."

"Huyu?"

"Huyu huyu!"

Mama akaiangalia sahani ya koplo. Firigisi ilikuwa imekwisha. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, leso mdomoni, na mjomba bado kasimama na saluti yake kwa sababu nilikuwa nimesahau kumjibu.

Halafu Mama akanishika mkono, akanitoa nje, akanipitisha nyumba hadi nyumba kwenye matuta ya kabichi, huku akipiga vigelegele.

"Njooni mumwone! Hana tepe hata moja!"

Wanawake waliacha majembe wakaja mbio. Mmoja alinivika shada la maua ya maboga. Nilikuwa na tope hadi magotini, na nilikuwa natabasamu kama mtu aliyelewa.

Tuliondoka jioni na gunia la kabichi. Koplo aliendesha macho yakiwa barabarani mpaka Mwatate. Hapo akasimamisha gari kando ya barabara.

"Afande, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kucheka."

Nikampa, na mimi nikajiunga naye.